Titi la pili litolewe? Kisa cha fundi cherehani wa miaka 43

"Daktari, nitoeni yote mawili tu, nipate kulala." Maneno haya kila kliniki ya matiti inayajua. Hutamkwa siku ileile ya majibu au wiki inayofuata, na anayeyatamka anamaanisha. Tunachambua hapa kisa kimoja ili ionekane ombi hilo linapokelewaje, linapimwaje, na kwa nini mara nyingi jibu la kweli ni "si leo".

Kisa chenyewe ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia, wala hakuna mgonjwa mmoja aliyefichwa nyuma yake. Tumwite Mama Zuhura.

Ana miaka 43, ni fundi cherehani wa Tanga, ana watoto watatu na bado anapata hedhi. Uzito wake ni kilo 84 na matiti yake ni makubwa. Hana kisukari, havuti sigara. Titi la kushoto lina uvimbe wa sentimita 2.8, na doa jingine dogo la saratani limeonekana upande mwingine wa titi hilohilo. Kinyama kilichochukuliwa kwa sindano nene kimeonyesha saratani iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa na kuvamia nyama za jirani, daraja la 2, yenye vipokezi vingi vya homoni ya estrojeni, na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani kukua, haipo. Kwapani tezi mbili zimeingiwa. CT ya kifua na tumbo ni safi, mifupa ni safi. Hii ni hatua ya IIB. Mamografia na ultrasaundi ya titi la kulia hazikuonyesha chochote.

Jopo la madaktari lilikubaliana kutoa titi lote la kushoto, kwa sababu saratani iko sehemu mbili, pamoja na tezi za kwapa hilo. Baadaye kemo, mionzi, kisha vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia estrojeni kuichochea saratani, miligramu 20 kila siku kwa miaka. Hapo ndipo mama akaomba na la kulia litolewe siku hiyohiyo, "kazi iishe mara moja".

Swali la kwanza la kumuuliza halihusu titi. Ni hili: mama, unaogopa nini hasa kitokee?

Alijibu kama wengi wanavyojibu: jirani amemwambia saratani ikitoka titi moja huhamia jingine, na kutoka hapo ndiyo inaua. Kosa liko kwenye jibu hilo, na lisiporekebishwa kila kinachofuata kitajengwa juu yake. Saratani inayojitokeza kwenye titi la pili baada ya miaka, kwa sehemu kubwa, ni saratani mpya iliyozaliwa palepale. Ile ya kwanza haikutembea kuifuata. Ikisambaa, ya kwanza hupita kwenye damu na mishipa ya limfu ikaenda kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, na njia hiyo haipiti titi la kulia. Kwa hiyo kulitoa titi la kulia hakufungi mlango ambao saratani ya kushoto ingeutumia.

Mama huyu ana hatari mbili zisizolingana, na zinapaswa kuwekwa mezani kando kwa kando.

Ya kwanza ni kupata saratani mpya titi la kulia. Kwa mwanamke asiye na jeni ya kurithi yenye hitilafu, mwenye saratani ya vipokezi vya homoni na anayekunywa dawa zake, hatari hiyo ni kama 0.3% kwa mwaka. Tuchukue wanawake 100 wa aina yake: katika miaka 10, watatu hivi watapata saratani titi la pili, na 97 hawatapata. Tamoksifeni yenyewe imo kwenye hesabu hiyo, maana hupunguza saratani ya titi la pili kwa karibu nusu.

Ya pili ni saratani ya kwanza kurudi mwilini. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, wenye wanawake zaidi ya 62,000 waliokuwa na saratani ya vipokezi vya homoni, ulifuatilia waliomaliza miaka 5 ya dawa wakiwa salama. Waliokuwa na uvimbe wa ukubwa kama wa Mama Zuhura na tezi moja hadi tatu zilizoingiwa, 26 kati ya 100 walipata saratani mahali pengine mwilini kati ya mwaka wa 5 na wa 20. Wengi wao walitibiwa zamani, na leo matokeo ni bora kidogo. Hata hivyo tofauti kati ya 26 na 3 haihitaji ufafanuzi. Anayetaka kulala usiku inampasa ajue ni hofu ipi inayostahili nguvu zake, na kwa mama huyu ni ile inayotibiwa kwa kemo, mionzi na vidonge. Kisu cha upande wa kulia hakiigusi.

Mwaka 2024 jarida la JAMA Oncology lilichapisha kazi iliyolinganisha makundi matatu ya wanawake wa Marekani, kila kundi wanawake 36,028: waliotolewa uvimbe tu, waliotolewa titi moja, na waliotolewa yote mawili. Saratani za titi la pili zilikuwa 766 katika kundi la kwanza, 728 katika la pili, na 97 tu katika la tatu. Upasuaji, basi, ulifanya kazi iliyokusudiwa. Lakini vifo vya saratani ya matiti katika miaka 20 vilikuwa 16.3%, 16.7% na 16.7%. Saratani nyingi mno zilizuiwa, na maisha hayakuongezeka. Maelezo yaliyo wazi zaidi ni kwamba wengi waliofariki waliuawa na saratani ya kwanza, huku zile za titi la pili zikigunduliwa mapema kwa sababu wanawake hawa walikuwa tayari chini ya uangalizi.

Namba hizi zisemwe taratibu, kwa watu 100 waliochorwa kwenye karatasi, kisha mama aombwe azirudie kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kuzirudia, bado hajaelezwa.

Ila hesabu yote hiyo inasimama juu ya sharti moja: kwamba hana jeni ya kurithi yenye hitilafu. Na hapa ndipo kazi ya kliniki nyingi inapolegea. Fomu ina mstari "historia ya saratani katika familia", muuguzi anauliza, mgonjwa anasema "kwetu hakuna", panaandikwa hakuna. Mama Zuhura naye alisema hivyo.

Swali lilipobadilishwa, jibu nalo likabadilika. Usiulize kama kuna saratani. Uliza nani kwenu alifariki kabla ya miaka 60, upande wa mama na upande wa baba, na alikuwa na nini mwilini. Dada yake mkubwa, aliyemsindikiza, ndiye aliyekumbuka: "Shangazi je? Si tumbo lilimjaa maji?" Shangazi, dada wa baba yao, alifariki na miaka kama 47 tumbo likiwa limevimba, akitolewa maji kwa sindano na maji yakirudi. Wazee hawakuiita saratani. Walisema ni tumbo la maji, na wengine wakasema mambo ya watu. Mwanamke wa miaka 47 mwenye tumbo linalojaa maji namna hiyo anaweza kuwa alikuwa na ugonjwa wa ini, au saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai. Saratani ya ovari na ya titi katika ukoo mmoja ndiyo alama ya hitilafu katika BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa nzima huukinga mwili na saratani.

Wengi hawajui kwamba jeni hizi hupitia kwa baba pia. Mwanamume anaweza kuibeba asiugue maisha yake yote, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuipata. Ukoo wa baba hauachwi nje.

Hata bila shangazi, saratani ya titi kabla ya miaka 50 inatosha kuwa sababu ya kupima. Utafiti wa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa Uganda na Cameroon ulikuta takribani mmoja kati ya sita ana hitilafu yenye madhara katika BRCA1, BRCA2 au jeni nyingine inayohusishwa na saratani ya titi. Kipimo ni cha damu kidogo kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, au mate. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi, na majibu hukaa wiki 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Omba kipimo cha jeni kadhaa kwa pamoja: BRCA1, BRCA2, PALB2, TP53, CHEK2 na ATM. Gharama na bima ziulizwe kabla, kwa maandishi.

Je, matibabu yasubiri majibu? Hapana. Ndicho kiini cha ushauri aliopewa: titi la kushoto haliwezi kusubiri, la kulia linaweza. Hakuna kinachopotea kwa kulitoa la kulia baada ya mwaka mmoja au miwili, ikiwa majibu ya jeni yatataka hivyo. Kinyume chake, kuyatoa yote mawili siku moja kunaweza kugharimu muda wa titi linaloumwa.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kutoa titi moja pamoja na tezi za kwapa huchukua saa mbili hivi chini ya dawa ya usingizi. Ukiongeza la pili inakaribia saa tatu au zaidi. Kila upande huachiwa mpira wa kutolea majimaji wenye chupa yake, nao hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Kwa mwili mzito na matiti makubwa, mipira hukaa siku nyingi zaidi. Majimaji hujikusanya chini ya ngozi hata baada ya mpira kutolewa, yakavutwa kwa sindano kila baada ya siku chache. Kuna damu kuganda chini ya ngozi, inayorudisha mgonjwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Kuna kingo za ngozi kuwa nyeusi na kufa pale zilipokatwa nyembamba mno, na kuna usaha. Kwa ujumla, pande mbili ni nafasi mara mbili ya jambo kuharibika, na inatosha upande mmoja kuharibika ili kemo isogezwe.

Kemo baada ya upasuaji hulengwa ianze ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikichelewa kupita siku 90, uhai wa mgonjwa hupungua. Fikiria kidonda chenye usaha kwenye titi ambalo halikuwa na ugonjwa, kikimzuia mama kupata dawa ya ugonjwa alio nao. Madaktari wanaokataa kufanya yote siku moja wanakataa kwa sababu hiyo.

Ikiwa mgonjwa na daktari wameafikiana kutoa titi lisilo na ugonjwa, yapo mambo yasiyoachwa. Mamografia ya titi hilo iwe ya karibuni. Tezi za kwapa la upande huo zisiguswe, maana kuzitoa hakuna faida kwake na kunaweza kumletea mkono kuvimba maisha yote. Tena mkono huo ndio utakaobaki wa kuwekewa dripu na kupimwa presha. Nyama iliyotolewa ipelekwe maabara yote, kwa kuwa mara chache hukutwa saratani ndogo ambayo picha hazikuiona. Na mama aambiwe wazi kwamba hakuna upasuaji unaoondoa kila chembe ya titi. Hatari hupungua kwa asilimia 90 au zaidi, haifiki sifuri. Ganzi ya kifua haiondoki kabisa kwa wengi, na wengine hubaki na maumivu ya kuchoma kwa miaka.

Kwa Mama Zuhura kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna fomu inayoliuliza: mikono. Baada ya upasuaji wa upande mmoja, mkono wa upande huo hauinui kitu kizito kwa wiki 4 hadi 6, na bega linahitaji mazoezi kila siku lisije likaganda. Upande wa pili unafanya kazi. Akipasuliwa pande zote, nani anafua, nani anateka maji, nani anakunja kitambaa cha mita sita juu ya meza? Binti ana miaka 12. Hili lilimgusa kuliko asilimia zote, na tunaona alikuwa na haki.

Mume wake alikaa kimya karibu kikao chote, mwisho akasema, "Mimi nataka apone. Hayo mengine aamue yeye." Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mume, dada au mama mkwe wanakaribishwa kusikia, lakini fomu ya ridhaa ni ya mwenye mwili, na daktari atafute angalau dakika kumi za kuzungumza naye peke yake. Wapo wanawake wanaoomba titi la pili litolewe kwa sababu mtu nyumbani amesema, na wapo wanaoacha kuomba kwa sababu hiyohiyo.

Alitolewa titi la kushoto peke yake. Damu ya kipimo cha jeni ilichukuliwa wiki hiyohiyo.

Majibu yalirudi akiwa kwenye dozi ya pili ya kemo. Hakuna hitilafu yenye madhara iliyopatikana, ila BRCA2 ilikuwa na badiliko ambalo maana yake bado haijulikani. Jibu la namna hii ni gumu kuliko "ndiyo" au "hapana", na wagonjwa wa Kiafrika hulipata mara nyingi zaidi, kwa sababu hifadhi za data zinazotumika kulinganisha zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko ambalo ni la kawaida kabisa kwa watu wa Tanga linaweza kuonekana geni kwa mashine, kwa sababu tu watu wa Tanga hawajapimwa vya kutosha. Mabadiliko ya aina hii yanapokuja kueleweka, sehemu kubwa sana huonekana hayana madhara. Kanuni ni moja, wala haina mjadala: usimkate mtu kwa badiliko lisilojulikana maana. Usiwapime ndugu zake kwa badiliko hilo pia. Jibu lihifadhiwe, na maabara iulizwe tena kila mwaka mmoja au miwili kama tafsiri imebadilika.

Wako watakaosoma hapa wakiwa na jibu jingine, kwa hiyo tuseme la BRCA1 nalo. Ingekuwa hivyo, hesabu yote ingepinduka. Mwenye BRCA1 aliyekwisha kuugua titi moja ana nafasi ya kama 40% kupata saratani titi la pili katika miaka 20. Wa BRCA2 kama 26%. Hapo kutoa titi la pili ni pendekezo lenye uzito. Utafiti wa wanawake 390 wenye jeni hizi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta waliotolewa yote mawili 88% hawakuwa wamekufa kwa saratani ya matiti baada ya miaka 20, dhidi ya 66% ya waliotolewa moja. Kundi ni dogo, na yawezekana waliochaguliwa kupasuliwa walikuwa na afya bora tangu mwanzo, lakini mwelekeo unaeleweka. Hata hivyo, kinachotangulia kwa mwanamke wa miaka 43 mwenye BRCA1 ni ovari na mirija ya uzazi, ambavyo hushauriwa kutolewa kati ya miaka 35 na 40 akiwa amemaliza kuzaa. Saratani ya ovari haina mamografia. Titi lina kitu cha kulichungulia, ovari haina, na kwa hiyo foleni inaanzia huko.

Na asiyeweza kabisa kulipia kipimo? Asilazimike kuchagua kisu kwa kukosa kipimo. Amalize matibabu, anywe vidonge vyake, apate mamografia ya titi lililobaki kila mwaka, pamoja na ultrasaundi kama nyama za titi zimeshonana kiasi kwamba mamografia haioni vizuri, na swali la jeni libaki wazi. Damu yake itakuwa ileile miaka miwili ijayo. Lakini kama ndugu wawili au watatu wa damu waliugua titi au ovari wakiwa vijana, kliniki ipiganie kipimo hicho kwa barua na simu.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, kemo na mionzi vikiwa vimekwisha, Mama Zuhura aliuliza tena kuhusu titi la kulia. Mara hii hakutaja saratani. Alisema bega la kulia linamvuta, shingo inamuuma anapoinama kwenye cherehani, na gauni halikai. Hii ni sababu nyingine, na ni halali. Titi kubwa lililobaki peke yake linaweza kuzidi gramu 900 upande mmoja wa kifua. Hilo ni tatizo la mizani, na mizani ina dawa zake. Kuna kulipunguza titi la kulia, upasuaji ambao kwa kawaida huacha chuchu na hisia nyingi. Kuna titi bandia la silikoni lenye uzito unaolingana. Kuna kujenga titi upya, inapopatikana. Na kuna kulitoa la kulia, kifua kiwe tambarare pande zote, jambo ambalo wanawake wengine hulichagua wakiwa na akili tulivu na kuridhika nalo. Tofauti ni kwamba sasa anachagua bila kudhani ananunua uhai.

Aliomba ajaribu la bandia kwanza, ila la dukani lilimshinda bei. Alishona mwenyewe. Kidonda kikiwa kimepona kabisa na ngozi imetulia baada ya mionzi, hii inafaa: mfuko wa pamba laini wenye umbo la tone, ndani mfuko wa pili uliojazwa ulezi mkavu mpaka mizani ya jikoni isome karibu na uzito wa titi la pili, na tabaka la pamba upande unaogusa kifua. Unashonewa mfuko ndani ya sidiria ili kitu kisitembee. Kifuko cha ulezi hutolewa kabla ya kufua, na ulezi hubadilishwa kila mwezi, maana jasho la Tanga huuotesha ukungu. Alianza na gramu 400, akaongeza 100 kila wiki hadi bega likazoea.

Miadi yake inayofuata ni mamografia ya titi la kulia, na barua kwa maabara kuuliza tena lile badiliko la BRCA2.